Mdogo Wangu na Majuma ya Giza

Mdogo wangu alikuwa mtu wa mzaha tangu utotoni, kwa hiyo alipoanza kuugua kichwa hakuna aliyeshtuka. Walikuwa katikati ya ziwa, yeye na wavuvi wenzake, akawaambia wazime taa kwa sababu waliokuwa chini ya maji walikuwa wanamwona. Wenzake walicheka hadi wakashika mbavu. Siku chache baadaye akasema tena yale yale, wakacheka kidogo tu. Halafu ikaja siku akazing'oa nyaya za taa kwenye betri na kuzitupa majini, na hapo hakuna aliyecheka.

Taa ndiyo kazi yenyewe. Sisi wa Kashikishi, upande wa Zambia, tunaishi kwa chisense, wale samaki wadogo weupe tunaowaanika mchangani, na chisense huvuliwa usiku usio na mwezi. Taa inawashwa, samaki wanakuja kwenye mwanga, wavu unavutwa. Mwezi ukiwa mkubwa hawaji, na wanaume wanabaki nyumbani kushona nyavu na kugombana na wake zao. Ndiyo maana huku mvuvi hakuambii kwamba atakulipa wiki ya kwanza au ya pili. Anakuambia ni giza au ni mbalamwezi, na wewe unajua utamkuta wapi.

Asubuhi ile walimleta ufukweni amefungwa mikono kwa kamba ya wavu. Walikuwa watu wanaompenda, wengine wamekula kwangu mara nyingi, nao walikuwa wamechoka na wamelowa, na mmoja wao alikuwa analia. Waliogopa angejirusha majini. Hilo nalielewa sasa. Siku ile sikuelewa kitu. Niliwatukana wote, mmoja baada ya mwingine, na matusi ninayajua katika lugha kadhaa.

Inafaa niseme nyumba yetu ilivyo, ili isionekane nilikuwa na jeshi nyuma yangu. Baba yetu alikuwa mtu wa Kilwa, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, na ndiko alikozikwa. Mama ni wa kisiwa cha Chisenga. Tulikulia kule kwa baba tukizungumza Kiswahili chake, kisha nikaolewa huku Zambia, nikaanza biashara ya samaki, na mama na mdogo wangu wakanifuata. Mume wangu yuko migodini Kolwezi, anakuja akitukumbuka. Kwa hiyo tulikuwa mama, mimi, watoto wangu, na kijana ambaye sasa alikuwa amekaa kwenye kona ya chumba akiwajibu watu ambao sisi hatukuwaona. Jambo moja lilinishangaza: katika ugonjwa wake Kibemba, lugha ya huku, kilimpotea kabisa mdomoni, akabaki kusema Kiswahili cha baba tu.

Mama alikuwa ameshaamua. Karibu na Kilwa kuna mahali pa maombi ambapo wagonjwa wa namna hiyo hupelekwa, na mama alitaka tumvushe. Mimi mahali pale nilikuwa nimewahi kupita nikifuata deni la samaki. Nilimwona mwanamke amefungwa mnyororo mguuni, na sahani yake ya chakula imewekwa mahali ambapo mkono wake haukufika. Labda aliyeiweka hakuwa na nia mbaya, labda alisahau tu, lakini ile sahani ilinikaa kichwani. Nilimwambia mama kwamba mtoto wake hataenda kule nikiwa hai.

"Basi unipe dawa yako weye," mama aliniambia. "Sema. Tumupeleke wapi?"

Tulijua kuna ile hospitali kubwa ya Lusaka ya wagonjwa wa akili, ambayo jina lake huku kwetu limegeuka kuwa tusi. Mteja akitaka kununua beseni la samaki kwa bei ya kikombe, unamwambia arudi hospitali ile alikotoroka. Mimi mwenyewe nimelitumia mara nyingi na watu wamecheka. Tena Lusaka ni mbali, safari ya kutwa na zaidi kwa basi. Ni nani angekaa kwenye basi na mtu anayesikia sauti, abadilishe gari na kulala stendi pamoja naye? Hata kama ningemfikisha, nilidhani nisingemwona tena.

Nilichofanya ni kumchelewesha mama. Leo upepo mkali, kesho boti limejaa, keshokutwa mwanangu wa mwisho ana homa. Mtoto kweli alikuwa na zamu ya kupimwa uzito, na ndivyo nilivyofika kliniki.

Kila asubuhi pale kliniki, kabla ya kuanza kupima watoto, muuguzi huwa anatoa somo. Mara nyingi somo ni chandarua, na somo la chandarua likianza wanawake wote tunatazama miguu yetu, maana vyandarua vingi vya serikali vimeishia ziwani au chini ya chisense wanaoanikwa. Asubuhi ile muuguzi alikuwa mgeni, mwanamke wa makamo kutoka upande wa Mansa, mbali na ziwa, na hakusema neno juu ya chandarua. Tukashusha pumzi. Alisema kwa Kibemba kwamba leo anataka kuzungumza juu ya ugonjwa wa kichwa: mtu asiyelala, mtu anayesikia sauti, mtu aliyeacha kuoga na zamani alikuwa nadhifu. Alisema serikali imeamua ugonjwa huo utibiwe hapa hapa wilayani, kliniki kama hii, na yeye amesomeshwa kwa ajili hiyo. Dawa ipo, haina malipo. Hakuna haja ya kwenda Lusaka isipokuwa hali ikiwa ngumu sana.

Mimi si mtu wa kuinua mkono mbele za watu. Nilisubiri somo likaisha, mtoto akapimwa, wenzangu wakaondoka. Nikamfuata muuguzi nikamuuliza kama dawa hiyo ni ya Wazambia peke yao. Akaniuliza mgonjwa ni nani. Nikasema ni mdogo wangu, baba yetu alikuwa Mkongo. Akasema, "Ba mayo," yaani mama, "mlete. Nitatibu kichwa, sitatibu uraia."

Kumleta ndiyo ilikuwa shughuli. Nilijua nikitaja kliniki atakataa, basi nikamwambia nahitaji mtu wa kunibebea mtoto njiani, mgongo unaniuma. Alimpenda sana yule mtoto. Akainama nimfunge chitenge, na tukaenda hivyo, mwanaume mzima na mtoto mgongoni, watu wa sokoni wakitutazama kama sinema. Nilimkodolea macho kila aliyethubutu kutabasamu.

Nilikuwa nimejiandaa kukuta mlango wa pembeni wenye maandishi makubwa, ili dunia nzima ijue ni nani anaingia. Hakukuwa na mlango kama huo. Tulikaa kwenye benchi lile lile pamoja na wenye malaria na wenye mimba, na zamu yetu ilipofika tukaitwa kama wengine. Kilichonigusa zaidi ni kwamba muuguzi hakuniuliza mimi. Alimgeukia yeye, akamsalimu, akasubiri aitikie, kisha akamuuliza kama analala. Kwa majuma kadhaa sisi sote tulikuwa tunazungumza juu ya mdogo wangu akiwa amekaa pale pale, na hakuna aliyekuwa amemuuliza chochote.

"Silalake," alijibu. "Banasema sana. Banasema hata mi nikifunga masikio."

Nikamtafsiria muuguzi. Akauliza sauti zinasema nini, ni za watu anaowajua, zinamwambia ajidhuru? Mdogo wangu akajibu yote, taratibu, akitazama sakafu, nami nikatafsiri mambo ambayo sikuwa nimeyasikia kabla ya hapo. Sauti zilikuwa zinamwambia kwamba baba alikufa kwa sababu yake. Hilo nililikatiza katikati. Muuguzi akanisubiri nami pia, hadi nikalimaliza.

Kisha akamwomba anyooshe mikono. Alama za kamba zilikuwa bado mbichi. Akaziosha, akazipaka dawa, akaniambia kwamba sheria mpya ya nchi inampa mgonjwa wa namna hii haki ile ile ya mgonjwa mwingine yeyote, ya kutibiwa na kuheshimiwa. Hapo hasira yangu ikapata pa kutokea. Nikamuuliza hiyo sheria ilikuwa wapi siku mdogo wangu alipofungwa kamba.

"Ilikuwa njiani inakuja, ba mayo," alisema. "Barabara ya huku mnaijua."

Alitupa vidonge. Kimoja kila usiku. Alieleza kwamba dawa ile inaleta usingizi mzito, ndiyo maana hunywewa usiku, na kwamba tusiache hata akionekana amepona. Turudi kila mwezi kuchukua vingine.

Ilikuwa Desemba, na ziwa lilikuwa limefungwa. Kila mwaka kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari serikali hukataza uvuvi ili samaki wazaane, na wanaume wote wanalala nyumbani kila usiku kama watu wa ofisini. Mdogo wangu alikunywa dawa yake mbele ya mama, akalala. Alilala hata mama akawa anakwenda kuweka mkono mbele ya pua yake. Majuma ya kwanza alikuwa mzito, mkono wake wa kulia ukatetemeka, tukarudi, muuguzi akaongeza kidonge kingine kidogo cha kutuliza mtetemeko. Siku moja tukiwa tunakula akasema mboga haina chumvi. Nilitoka nje nikakaa nyuma ya nyumba, nikalia kwa furaha, maana kwa muda mrefu alikuwa anakula chochote bila kujua anakula nini.

Kufikia mwisho wa Februari alikuwa anatania watoto. Kibemba kilimrudia. Ziwa lilipofunguliwa, mwenye boti, mfanyabiashara kutoka Pweto, upande wa Kongo, ambaye sote tunamwita patroni, alimwita arudi kazini, na tukaona mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Giza la kwanza alirudi akiwa mkimya. Mbalamwezi ikaja akachangamka. Giza la pili alianza kuamka mchana akitembea huku na huku uani, akijibu maneno. Mbalamwezi ikaja, akatulia tena. Giza lililofuata akawaambia wenzake wafunike taa kwa turubai, na patroni akamshusha kwenye boti. Alimpa ujira wake wote, sitamsingizia, lakini akasema hawezi kuwapeleka watu majini na mtu wa namna ile.

Sasa kila mtu akaona mpangilio. Mwezi ukiwapo ni mzima, mwezi ukipotea anaugua. Majirani wakasema, wavuvi wakasema, mchungaji wa mahali pale pa maombi kule Kilwa akasema kwa simu kwamba alijua tangu mwanzo. Mama alikuja kuniambia kwa sauti ya upole, na upole wa mama yangu unatisha kuliko kelele zake.

"Mutoto yangu, ulijaribu. Mungu aliona. Lakini iyi ni kintu ya giza. Kule kliniki habana dawa ya giza."

Na mimi, ambaye naamini mambo machache sana, nilianza kuamini. Ungeamini nini wewe? Nilikuwa nimeona kwa macho yangu, giza baada ya giza. Mama alifunga begi lake, akakubaliana na watu wa bwato, boti linalovusha mizigo. Nilimwomba jambo moja tu: siku ya kliniki ilikuwa imefika, twende tumuage muuguzi, maana alitutendea wema, kisha wavuke. Mama akakubali. Alikuja na begi lenyewe, ili tukitoka pale waende moja kwa moja bandarini.

Ilikuwa mbalamwezi, kwa hiyo mdogo wangu alikuwa ametulia. Alijua anapelekwa wapi. Hakubisha. Njia nzima alikuwa mbele yetu akitembea na mikono nyuma, mmoja juu ya mwingine, kana kwamba tayari amefungwa, na sidhani alijua kwamba anafanya hivyo. Nilimwambia aiweke mikono yake mbele. Akaiweka, na baada ya hatua chache ikarudi nyuma.

Nilimweleza muuguzi yote: giza, mbalamwezi, boti, Kilwa. Alisikiliza bila kunikatiza. Mama alikuwa amekaa na begi mapajani, amelishika kama kuna mtu wa kumnyang'anya. Muuguzi akasema kabla hajasema lolote angependa kuona dawa zilizobaki. Mdogo wangu akaingiza mkono mfukoni, akatoa pakiti, ambayo tangu arudi kazini alikaa nayo mwenyewe. Vidonge vilivyobaki vilikuwa vingi mno. Karibu nusu.

"Hivi kwa nini vimebaki?" aliuliza muuguzi, na nikatafsiri, ingawa Kibemba alikuwa anasikia. Nilitafsiri kwa ukali wangu mwenyewe.

"Ile ni ya mausiku ya kazi," alisema mdogo wangu, bila wasiwasi wowote. "Mausiku ya kazi sikunywake."

"Juu ya nini?" nilipiga kelele.

Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini maji yanalowesha. "Yaya," alisema, ndivyo anavyoniita mimi dada yake, kisha akamwonyesha muuguzi kwa kidole, "ba sista alisema dawa inaleta usingizi. Mutu akilala mu bwato, anakufa mu mayi. Minakunywaka wakati ya mbalamwezi, tukilala ku nyumba. Wakati ya giza tunafanyaka kazi. Ningelala namna gani?"

Muuguzi aliweka mkono mdomoni. Nadhani kwanza alitaka kucheka, halafu akaona si la kucheka, halafu akacheka tu, na mimi nikacheka, na kicheko changu kilikuwa kibaya, cha kuumiza tumbo. Yeye ni mtu wa bara; kwake usiku ni usiku na watu wamelala. Mimi je? Baba yangu alivua usiku, babu yangu alivua usiku, samaki ninaouza walivuliwa usiku, na niliposikia "kidonge kimoja kila usiku" niliitikia kwa kichwa kama mke wa karani. Wakati ziwa limefungwa yale maelekezo yalikuwa sawa kabisa. Lilipofunguliwa hakuna aliyeyafikiria upya isipokuwa mdogo wangu, ambaye aliyafikiria peke yake, akaamua kutokufa maji.

Mama alikuwa bado hajacheka. Aliuliza polepole, kwa Kibemba, akimwelekea muuguzi:

"Kwa hiyo si giza linalomfanya augue? Ni kwamba hanywi?"

"Ndiyo, ba mayo. Dawa inamfaa. Ni kwamba anainywa nusu na kuiacha nusu."

Mama akalishusha begi kutoka mapajani, akaliweka chini, akalisukuma kwa mguu hadi chini ya benchi. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kamba, nilisikia njaa.

Muuguzi alieleza upya, safari hii akimuuliza mdogo wangu siku yake inavyokwenda. Mnatoka saa ngapi, mnarudi saa ngapi, unalala wapi, nani anapiga kelele? Wakapanga wawili, mimi nikiwa nimenyamaza, jambo ambalo si kawaida yangu. Dawa anywe kabla ya usingizi wake mrefu, uwe wa usiku au wa mchana. Siku za giza akirudi asubuhi, ale kwanza, anywe, alale hadi alasiri. Siku za mbalamwezi anywe usiku. Asiruke hata siku moja. Lakini akasema hatamdanganya: asirudi ziwani sasa. Akae nchi kavu kwanza, wamwone katika majuma ya giza, tena na tena, ndipo wazungumze habari za boti.

Kwa hiyo mdogo wangu alianika chisense pamoja na sisi wanawake. Hakuipenda kazi hiyo. Anashika beseni kama mtu anayeshika nguo chafu ya mwenzake, na akitandaza samaki anaacha marundo, nasi tunapita nyuma yake tukisawazisha. Ili mwili usisahau, jioni za giza alikwenda kulinda nyavu na mashine za watu pale ufukweni, akakesha, akarudi asubuhi, akala, akanywa dawa, akalala. Kumlinda alale mchana ndiyo iliyokuwa kazi kubwa. Kashikishi mchana kuna muziki wa baa, kuna vipaza sauti vya wauza dawa za panya, kuna watoto wangu. Nilizunguka na fimbo. Mama aliketi mlangoni akamfukuza hadi jogoo. Muuguzi alipita siku moja akiwa njiani kwenda kwake, akamkuta mama pale, akacheka, akakaa naye kidogo.

Giza likapita. Hakusema na mtu asiyekuwapo. Giza lingine likapita. Mara moja dawa zilikosekana kliniki na nikapata homa ya woga, lakini muuguzi alipiga simu huku na kule, dawa zikaja na gari la wilaya kabla zetu hazijaisha. Mdogo wangu akaanza kuuliza habari za boti. Muuguzi akamchunguza, akamwuliza maswali mengi, akasema anaweza kujaribu, mradi asiende peke yake na wenzake wajue ishara za hatari: akikosa usingizi, akianza kuziogopa taa.

Aliyebaki alikuwa patroni. Nilimkuta sokoni akinunua mafuta ya injini. Nikamsalimu vizuri, nikamweleza vizuri, habari ya dawa na usingizi. Akatikisa kichwa.

"Mama, miye sina roho mubaya. Lakini bantu ya bwato banaogopa."

"Wanaogopa nini? Wakati yuko mgonjwa hamkuogopa kumfunga."

"Akianza tena mu katikati ya mayi?"

Hapo upole wangu ukaisha. Nilimwambia kwamba nahodha wake ana kifafa na soko zima linajua, kwamba yeye mwenyewe anakunywa dawa ya presha kila asubuhi kwa maji ya bia, na kwamba mdogo wangu ndiye mtu pekee kwenye boti lake ambaye ana muuguzi anayemjua kwa jina na kumwuliza kama amelala. Watu walikuwa wamesimama kusikiliza. Patroni alitazama huku na huku, akafuta jasho.

"Bon, sawa," alisema. "Sema pole pole, mama. Aanze giza iyi. Atakaa mu katikati, karibu na nahodha."

"Nahodha mwenye kifafa?"

"Mama, nimesema aanze."

Jioni alipoondoka sikwenda kumsindikiza, nilihofia uso wangu. Alfajiri niliamka kabla ya mtu yeyote. Nilipika uji, nikautia kwenye chupa ya chai. Nikachukua chupa ya maji safi, nikakifunga kidonge chake ndani ya karatasi, nikachukua taulo, nikachukua sweta. Mama alikuja nyuma yangu na mkeka. Tukasimama ufukweni pamoja na wanawake wengine, na boti zikaanza kuingia moja moja. Lake halikuonekana. Boti za jirani zikaingia. Lake bado. Mama alikuwa anaomba kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa natazama maji tu, nikiwaza taa, nyaya, kamba, nikijilaumu kwa kila neno nililomwambia patroni, nikiona wazi kabisa namna watakavyomshusha.

Kisha likatokea, limezama chini sana, linakuja polepole. Nikaingia majini hadi magotini. Alikuwa amekaa katikati, karibu na nahodha, mikono yote miwili iko kwenye kasia. Boti lilikuwa limejaa chisense hadi kwenye kingo, ndiyo maana walichelewa. Akaruka majini, amelowa, macho mekundu kwa kukesha, akanitazama mimi, akatazama uji, taulo, chupa ya maji, akamtazama mama na mkeka wake. Kisha akatazama nyuma yetu, mchangani, kulikokuwa kutupu.

"Yaya! Beseni zeko wapi?"

Huku kwetu, dada wa mvuvi anapokwenda kupokea boti anakwenda na mabeseni. Hata mtoto anajua. Kila mwanamke pale alikuwa na lundo la mabeseni, na sisi wawili tulikuwa tumekuja na vitu vya kupokelea mgonjwa.

"Samaki yote iyi, na weye unakuya na uji!" alifoka, mbele ya ufukwe mzima. "Tutaitia mu nini? Mu taulo? Beseni, yaya, beseni! Jua inatoka!"

Wenzake botini wakacheka, wanawake wakacheka, nahodha akacheka. Mama akaketi juu ya mkeka wake palepale, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Mimi hakuna mtu anayenifokea hadharani akabaki salama, na nilitamani aendelee kufoka hadi jioni. Nikamsukumia chupa ya maji na karatasi ya kidonge mkononi, nikamwambia aache kunipigia kelele, ale, anywe dawa yake mwenyewe, ana mikono. Kisha nikakunja chitenge changu, nikakimbia kuleta mabeseni.